Jina la Kondoo

Mara ya kwanza nilipomwona Mkurugenzi alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha zahanati yetu, viatu vyake vimepangwa sakafuni, miwani juu ya tumbo, na hakuwa akiumwa na chochote. Mgonjwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechomwa na seng'enge na nilifuata sindano ya pepopunda. Sista, muuguzi wetu, alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiuno.

"Mzee, hii kitanda ni ya wagonjwa."

"Ndiyo maana nimelala," akajibu bila kufungua macho. "Sista, hii si godoro. Hii ni sponji ya kuosha sufuria. Mama akizalia hapa, mtoto anatoka tayari ako na malalamiko."

Nilicheka mpaka Sista akaniambia nitulie au sindano itaenda mahali ambapo haijapangiwa. Wiki iliyofuata magodoro manne mapya yakashuka kwenye lango la zahanati, yakiwa na barua ya kurasa mbili. Wiki ya pili tukawa na kamati ya zahanati, yeye mwenyekiti na mimi katibu. Hadi leo sijui nilichaguliwa lini. Mimi nina duka la dawa za mifugo pale njiapanda, na nadhani alinichagua kwa sababu aliona nina kalamu sikioni.

Alikuwa ameongoza kiwanda cha magodoro kule Athi River kwa miaka mingi, kisha akastaafu na kujenga nyumba nje ya Kitengela, upande wetu wa barabara ya Kajiado, ambako bado kuna uwanda na upepo hauna adabu. Watu wakistaafu hupumzika. Yeye alihamisha ofisi tu. Jina lake la kitambulisho nililiona mara moja kwenye karatasi za kamati, na nikilitaja hapa majirani wenyewe watauliza huyo ni nani. Pasta alimwita Mkurugenzi. Watoto wa nasari walimwita Mkurugenzi. Mkewe, Mama Mwende, mwanamke mpole mwenye ulimi wa pilipili, alimwita Mkurugenzi akiwa amekasirika, na alikuwa amekasirika siku nyingi.

Ni mtu mmoja tu aliyemwita jina lingine. Nikikumbuka vituko vyote vya mzee yule, na ni vingi, narudi palepale: jinsi alivyolipata jina hilo, jinsi alivyolipoteza mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kipaza sauti.

Lakini kwanza mikutano, maana bila mikutano huwezi kumjua. Nimekuwa katibu wake kwa miaka tisa na nimejiuzulu mara nne. Kila nilipojiuzulu aliisoma barua yangu kwa makini, akasahihisha herufi, akasema itajadiliwa kwenye kikao kijacho, na kwenye kikao kijacho akaniomba niandike kumbukumbu. Hakufungua mkutano bila ajenda, na hakufungua mkutano bila akidi. Akidi yetu ilikuwa watu watano. Tukiwa wanne tulikaa tukitazamana kama tuko kwenye chumba cha daktari wa meno. Siku moja mjumbe mmoja mama alikuja na kichanga mgongoni, nasi tulikuwa wanne na kichanga, na baridi ilikuwa ya kuuma. Mkurugenzi akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akamuuliza mama yake kama analia ovyo, kisha akatangaza kwamba akidi imetimia. Niliandika hivyo kwenye kumbukumbu. Mtoto yule sasa yuko darasa la tatu, na bado tunamwita Mjumbe.

Alikuwa pia kwenye kila kamati ya mazishi kutoka njiapanda hadi karibu na Isinya. Watu walimtaka kwa sababu mazishi yake yalianza saa kamili na chakula kilitosha. Kuna siku tulikuwa tumemzika fundi mmoja wa cherehani. Pasta alikuwa ameomba, udongo umeshashindiliwa, mashada yamewekwa, na watu wanaanza kupangusa viatu. Mkurugenzi akainua mkono pale kaburini.

"Kabla hatujafunga, kuna mambo mengineyo?"

Watu waliacha kupangusa viatu. Halafu mjane akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza wiki nzima, akajishika tumbo, akasema marehemu angekuwa na jambo moja, kwamba suti ya Mkurugenzi imeshonwa vibaya begani. Sote tulicheka tukilia, na Mkurugenzi aliangalia bega lake mpaka tulipofika kwenye chai.

Alisisitiza muda, lakini saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa kabla hajastaafu na hakuwahi kuitengeneza. Alikuwa akiitazama kwa ukali, kisha anauliza aliye karibu ni saa ngapi. Alisema kiongozi hufanya kazi kupitia watu, halafu ungemkuta amebeba viti sita vya plastiki kichwani akikataa kusaidiwa. Alisinzia katikati ya vikao vyake mwenyewe, kidevu kifuani, na ukidhani umepata nafasi ya kupitisha jambo, sauti inatoka kwenye kile kidevu: "Hiyo tulikataa mwezi wa pili." Na ilikuwa kweli.

Kitu kimoja hakuwa na utani nacho, nacho ni kulala. Aliamini ugomvi wote wa duniani unatokana na watu waliolala vibaya. Akiingia nyumba yoyote kutembelea mgonjwa, kabla hajasema pole, kiganja chake kilikuwa kimeshabonyeza godoro. Alibonyeza, akasikiliza, akatikisa kichwa. Na godoro lake mwenyewe lilikuwa hadithi peke yake. Siku alipostaafu, wafanyakazi wa kiwandani walimtengenezea moja kwa mikono yao, nene, na ndani ya kava yake kila mmoja aliandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Mgeni akija nyumbani alipelekwa chumbani, zipu inafunguliwa, anasomewa majina: huyu wa mashine, huyu wa gundi, huyu wa geti, huyu aliyekuwa akiiba sponji na kujaza mito ya mama yake. Kukaa juu yake hukuruhusiwa. Mama Mwende alisema alijua ameolewa na mtu mmoja, hakujua ni watatu kitandani.

Sasa jirani. Upande wa chini wa shamba la Mkurugenzi anakaa Mzee Lemayian, mfugaji, mtu mrefu wa maneno machache. Ng'ombe wake walikuwa wakikatiza pale tangu kabla ya sisi wote kufika, wakienda kwenye bwawa. Mkurugenzi alipoweka ua wake wa nyaya aliona amefunga njia, na akafanya alichokijua: aliandika hati ya makubaliano. Ng'ombe watapita kwenye geti lake kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kwa mstari mmoja, upande wa kushoto. Aliipeleka yeye mwenyewe. Mzee Lemayian aliisoma yote polepole, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya shuka.

"Nitawaambia," akasema.

Ng'ombe waliambiwa au hawakuambiwa, sijui, lakini walipita saa walizotaka na wote kwa pamoja. Mwaka wa pili kiangazi kilikuja kibaya. Asubuhi moja nilimwona Mkurugenzi kwa macho yangu akikata nyaya zake mwenyewe kwa koleo, mita kumi nzima, amevaa tai, huku akiwaita ng'ombe kwa Kikamba na ng'ombe wakimtazama bila kuelewa. Kesho yake Mzee Lemayian alikuja na kondoo jike mwenye sikio lililochanika, akampa kamba mkononi.

"Leo wewe ni Paker," akamwambia. "Na mimi ni Paker."

Niliyekuwa pale kumwelezea ni mimi, maana nilikuwa nimeleta dawa ya minyoo. Kwa Wamaasai, mtu akikupa mnyama kwa urafiki, majina yenu ya zamani yanapumzika. Mnaitana kwa mnyama yule. Waliopeana mbuzi wanaitana Pakine, waliopeana ng'ombe wanaitana Pakiteng, waliopeana kondoo wanaitana Paker. Jina ni moja, na ni la wote wawili. Mkurugenzi alisikiliza yote kisha akauliza kama linasainiwa mahali. Nilimwambia hapana. Akamtazama yule kondoo kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitazama kitu kisicho na zipu.

Hamjui jinsi jina lile lilivyomharibu. Mtu mzima, mwenye mvi, aliyewahi kupanda ndege kwa kazi, alikuwa akisimama asubuhi kwenye pengo la ua na kupaza sauti "Paker" mpaka upande ule nao ujibu "Paker", kisha anaingia ndani kunywa chai ameridhika. Mzee Lemayian akimpigia simu katikati ya kikao, ajenda ilisimama. Dukani kwangu alinunua dawa za yule kondoo mmoja kana kwamba ana kundi la mia. Miaka minne waliitana hivyo, na mimi nilizoea kuyasikia majina yale kama ninavyosikia jogoo.

Halafu tukafanya harambee ya kujenga wodi ya wazazi, kwa sababu akina mama wetu walikuwa wakikimbizwa Kajiado na wengine walikuwa wakizalia njiani. Jumapili kabla ya siku ile pasta alihubiri kwamba usitoe kilichobaki, utoe unachokipenda. Mahubiri hayo ni ya kawaida. Watu husema amina na kuleta jogoo. Lakini Mkurugenzi hakuwa mtu wa kusema amina na kuacha jambo hapo.

Alikuja na yule kondoo. Alikuwa amemwosha kwa sabuni ya kuogea na kumfunga utepe wa bluu shingoni. Na hapa naomba mnielewe, kwa sababu kosa lenyewe lilifanywa kwa moyo safi. Kwa sisi tuliolelewa kwenye harambee za kanisa, mnyama wako kunadiwa mbele ya watu ni heshima. Jogoo anauzwa, anarudishwa, anauzwa tena, na mwenye jogoo anakaa kifua mbele. Kwa Mkurugenzi, kumtoa yule kondoo hadharani ilikuwa njia ya kuuambia ulimwengu wote kwamba hana kitu kinachozidi hiki.

Mnadi nilikuwa mimi. Nililiona lile sikio lililochanika. Nilijua ni kondoo gani, tena nilimjua hadi uzito. Lakini kipaza sauti kina wazimu wake, watu walikuwa wakicheka, na mimi nikicheka nao siwezi kusimama.

"Kondoo wa Mkurugenzi huyu," nikasema. "Amelelewa kwa ajenda. Hali majani bila akidi."

Mzee Lemayian alikuwa ameketi mstari wa mbele na wageni. Mwanzoni alitabasamu, akidhani ni mchezo. Akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akanipa ishara niendelee. Ndipo mzee akainua rungu lake juu, kununua. Mkandarasi mmoja akapandisha bei, rungu likainuka. Pasta akapandisha, rungu likainuka. Hakurudi nyuma hata mara moja, na watu wakaanza kushangilia kila lilipoinuka, wakisema ona jirani mwema, mpaka wote wakaacha na kondoo akawa wake. Akaja mbele, akamfungua utepe, akamshika sikio.

"Asante, Mkurugenzi," akasema.

Mkurugenzi akapiga makofi kuliko mtu yeyote. Alidhani ameheshimiwa. Mimi nilikuwa karibu na nilisikia alivyoitwa, nikazima kipaza sauti.

Jumatatu nilimwambia. Alikuja dukani akiwa bado na furaha ya harambee, akitaka niandike barua za shukrani. Nikamuuliza kama amesikia alivyoitwa.

"Aliniita Mkurugenzi. Kila mtu ananiita Mkurugenzi."

Kisha akaelewa. Alikaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, bila kulibonyeza kwanza, akavua miwani.

"Katibu," akasema, "nimeuza rafiki yangu kwa mnada. Na wewe umeniangalia."

Nilimwambia ni kweli. Nilimwambia naona aibu hata kushika kalamu. Hakunigombeza, na ni afadhali angenigombeza.

Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu, jina lake lirudi, na kila alichojaribu kilikuwa cha kimkurugenzi. Kwanza barua ya kuomba radhi, yenye kichwa na vipengele. Mzee Lemayian akamwambia, "Imefika. Asante, Mkurugenzi." Kisha akaliweka kwenye ajenda ya kamati, kipengele cha tano, Uhusiano Mwema na Majirani. Mzee Lemayian ni mjumbe wetu. Tulipofika hapo akasema, "Ruka hiyo," tukaruka. Kisha akanichukua twende soko la Bisil kutafuta kondoo mwingine. Sijawahi kucheka sokoni kama siku ile, ingawa moyo ulikuwa mzito. Alitembea kati ya mifugo akibonyeza migongo kwa kiganja, anainamisha kichwa, anasikiliza. Wachungaji walimfuata wakidhani ni daktari.

"Huyu ni laini sana," akasema juu ya mmoja. "Huyu atabonyea baada ya mwaka. Katibu, njoo. Huyu hapa ni hai densiti, kama sponji nzito."

Alikuwa dume kubwa jeupe lenye kichwa cheusi, zuri mno. Tulilipeleka kwa gari la kukodi hadi kwa Mzee Lemayian. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akalisifu, akatupa maziwa.

"Ashe oleng, asante sana, Mkurugenzi," akasema. "Lakini hii ni kondoo ya kulipa. Kondoo ya kulipa haina jina."

Tulirudi na gari tupu. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mzee hakumchukia. Alimsalimu kila siku kwa heshima zote, Sopa Mkurugenzi, habari ya asubuhi Mkurugenzi. Ng'ombe waliendelea kupita kwenye pengo, na yule kondoo wa sikio lililochanika alipita nao. Akifika mbele ya mlango wa jikoni wa Mama Mwende alisimama kwa mazoea, akingoja maganda ya viazi, mpaka mchungaji amsukume. Mama Mwende aliniambia mzee wake anajificha nyuma ya pazia wakati huo. Kwenye vikao alianza kusahau mambo mengineyo. Mara mbili tulifunga bila kuyauliza, nikajua sasa hali ni mbaya.

Mwaka ukapita namna hiyo. Halafu fahali mmoja akambana Mzee Lemayian kwenye josho na kumvunja mbavu. Hospitali ya Kajiado ilimrudisha nyumbani akiwa amefungwa kifua, ameambiwa alale. Lakini kulala ndiko kulikomshinda. Maisha yake yote alilalia ngozi ya ng'ombe, na sasa ngozi ilimuuma. Wanawe wakamletea godoro jembamba la mjini, akasema linammeza na kumtema sakafuni.

Kamati ikaenda kumwona, mchana wa Jumamosi, sisi watano kamili. Mkurugenzi aliingia, na kiganja kikaenda chenyewe kwenye lile godoro jembamba. Alibonyeza. Tulingoja. Hakusema kitu. Nilitazamana na Sista, kwa sababu hatukuwahi kumwona akibonyeza na kunyamaza. Alimpa mzee pole, akatoka bila kunywa chai.

Haikupita saa moja. Sista na mimi tulikuwa tumekaa mlangoni, na Mzee Lemayian ameegemezwa kwenye kiti chake akiota jua, tukaona kitu cheupe chenye miguu miwili kinatoka kwenye nyumba ya Mkurugenzi.

"Nini hiyo?" mzee akauliza.

Ilikuwa godoro. Chini yake, ameshika kingo kwa mikono miwili, alikuwa Mkurugenzi, peke yake, na upepo wa uwanda ulikuwa umempata. Alianza kuja kwetu. Kisha akaanza kwenda Namanga, mpakani. Upepo ukamgeuza akaja kinyumenyume hatua ishirini, akapigwa upande, akaelekea Kitengela kwa kasi ambayo umri wake haukuruhusu. Ng'ombe waliinua vichwa, wakaona kinachokuja, wakatawanyika. Nyuma yake alikimbia Mama Mwende, kofia ya mumewe mkono huu na miwani ya mumewe mkono ule.

"Mkurugenzi," tulimsikia akiita, "hiyo si njia, hiyo ni Tanzania."

Mzee Lemayian alijishika kifua. "Msinichekeshe," akasema, "mbavu, mbavu," na machozi yalikuwa yanamtiririka. Sista alikuwa amepiga magoti chini. Mimi nilikuwa nimelala kabisa. Godoro likamwangusha Mkurugenzi kwenye kichaka cha miiba, likamlalia. Tukaacha kucheka. Kisha likainuka tena, limeshika matawi mawili, likaendelea na safari. Wana wa mzee wakakimbia kumsaidia, na sauti ikatoka chini ya godoro.

"Kaeni mbali. Hii si kazi ya kamati."

Alifika suruali imechanika gotini, tai iko mgongoni. Hakuwa na barua. Hakuwa na kipengele hata kimoja. Aliingia ndani, akalitupa lile jembamba nje, akatandika lake, akamwambia mzee neno moja tu.

"Lala."

Tulimsaidia mzee kulala. Alijinyoosha kidogo kidogo, kama mtu anayeingia majini. Akatafuta mahali, akapapasa, akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu josho. Halafu vidole vyake vikagusa zipu, akaifungua, akaona maandishi.

"Hawa ni nani?"

"Watu wangu wa kiwandani," Mkurugenzi akasema. Alikuwa bado anahema.

"Hawa ndio walikupa hii?"

"Wote."

"Na leo unalala wapi?"

"Mama Mwende ako na sofa."

Mama Mwende alifungua mdomo, akaufunga. Mzee Lemayian alitazama dari ya bati kwa muda mrefu. Nilijua anatafuta nini, na nilijua hakipo, kwa maana tangu Wamaasai waanze kupeana vitu hakuna aliyewahi kumpa mwenzake godoro.

"Ng'ombe ni Pakiteng," akasema polepole. "Kondoo ni Paker. Hiyo uliuza."

"Niliuza," Mkurugenzi akasema.

"Na hii, utauza?"

"Sitauza."

Mzee akafikiria tena. Sista alitaka kusaidia, nikamfinya mkono.

"Basi kaa chini unywe chai," Mzee Lemayian akasema, "Pagodoro."

Mkurugenzi alikaa pale pale sakafuni. Alilia waziwazi, bila kuficha uso, halafu mzee akajaribu kulirudia jina lile na kicheko kikamshika mbavu, akaanza kuguna na kucheka kwa pamoja, na Mkurugenzi akacheka naye huku kamasi zinamtoka. Nami nililia. Mpaka leo nikiona mtu amebeba godoro barabarani inabidi nigeuze uso.

Asubuhi ya kesho yake sauti ilipaa kutoka kwenye pengo la ua, na kutoka kitandani upande ule ikajibiwa, hafifu kwa sababu ya mbavu. Mama Mwende alinipigia simu nisikie. Alisema mzee wake amelala kwenye sofa vibaya sana, shingo imekakamaa, na hajawahi kumwona na furaha kiasi hiki.

Wodi yetu ya wazazi ilimalizika mwaka huu. Kamati ilikuwa imeamua kwamba jiwe la ukumbusho ukutani liwe na jina kamili la Mkurugenzi, vyeo vyote, hata kile cha kiwandani. Siku tatu kabla ya sherehe alikuja dukani, akanipa kipande cha karatasi chenye neno moja, akasema nimpelekee mchonga mawe pale mjini. Nikamkumbusha kwamba kamati ilishapitisha. Akaitazama saa yake iliyokufa.

"Yaandike kwenye mambo mengineyo," akasema.

Siku ya sherehe hema lilijaa. Mgeni rasmi, mama mmoja wa ofisi za Kajiado aliyevaa kitenge kizuri, alivuta pazia dogo na kusoma kwa sauti kwamba wodi hii imejengwa na wananchi wakiongozwa na Pagodoro. Akasoma tena, midomo tu. Watu wetu walianza kucheka chini chini.

"Huyu Pagodoro ni nani?" akauliza kwenye kipaza sauti. "Asimame, tumpigie makofi."

Wazee wawili walisimama kwa wakati mmoja, mmoja kona hii akiwa na suti iliyoshonwa vibaya begani, mmoja kona ile akiwa na shuka nyekundu na rungu.

"Kaa chini, Pagodoro," Mkurugenzi akasema. "Ni wewe ameita."

"Kaa wewe, Pagodoro," Mzee Lemayian akajibu. "Mimi niko sawa hivi."

Hakuna aliyekaa. Mgeni rasmi aliangalia huku, akaangalia kule, kisha akanigeukia mimi katibu na kuninong'oneza kama aendelee au angoje. Nikamwambia aendelee, akidi imetimia.